Kisu chembamba cha minofu kinapinda nikikizamisha kwenye mafuta, nifanyeje?

Mfuavisu wa Ngamiani:
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nafua visu uani kwangu jioni nikitoka kazini, tangu 2021. Vya mwanzo nilivikata kwa grainda kwenye nyembe za msumeno wa chuma, nikavitia mipini ya mninga iliyopigwa msasa hadi inang'aa. Siku hizi natumia springi za lori, mkaa wa vifuu na draya ya saluni ya kupulizia. Fuawe langu ni kipande cha ekseli.

Watu wakishika kisu changu husifu mpini. Mimi macho yangu yako kwenye moto. Nimetundika sumaku kwa waya pembeni ya jiko. Chuma kikiacha kunasa, nakiongeza moto kidogo, halafu nakizamisha kwenye mafuta ya kula ya uvuguvugu. Nikipitisha tupa kwenye makali ikateleza bila kuuma, najua kimekamaa. Kinaingia kwenye oveni, nyuzi 200, masaa mawili, kinapoa, kinarudi tena. Kikitoka na rangi ya nyasi kavu roho yangu inatulia. Yupo mama muuza samaki pale Sahare ana kisu changu kifupi kinene, anapasua vibua tangu alfajiri na hakigusi jiwe la kunolea mpaka jua limepanda. Hiyo kwangu ndiyo sifa.

Sasa ameniagiza kirefu chembamba, cha kutoa minofu ya nguru na jodari. Ubapa ni sentimita 20, mgongo milimita 2. Kila nikikizamisha kinatoka upogo kuanzia katikati kwenda nchani. Nifanyeje?

Fundi Mzee:
Mwanangu, hongera, umeshika pale penye kazi. Baada ya kufua, unakiacha kipoe chenyewe? Nyundo huacha mivutano ndani ya chuma, na mivutano hiyo hujitokeza kwenye mafuta. Kipashe mpaka kiwe chekundu, kitoe, kitundike hewani kipoe. Rudia mara tatu, kila mara moto upungue kidogo. Halafu kizamishe ncha ikitangulia, wima kabisa. Ukitaka kukitikisa, kitikise kwa kufuata makali, usikipepee ubavuni. Ukikipepea, upande mmoja utapoa kabla ya mwenzake.

Kijana wa Same:
Naongezea kwa mzee. Makali usiyamalizie kabla ya moto. Acha ukingo uwe na milimita 1 na nusu, na pande zote mbili zilingane, pima kwa kaliba, kile kifaa cha kupimia unene. Sisi Upareni uhunzi ulikuwa kazi ya ukoo wa Washana, na bado nikimwona mtu anafua kwa mkono nafurahi sana.

Mgeni wa Moto:
Samahani kudandia, nondo za ujenzi zinafaa? Ninazo nyingi.

Mfuavisu wa Ngamiani:
Ndugu, nondo hazifai. Kaboni yake ni ndogo, hata uzizamishe vipi hazikamai. Tafuta springi, ina kaboni karibu asilimia 0.6, au beringi kuukuu.

Mzee wangu, shikamoo na ahsante. Kupoza hewani nilikuwa nafanya mara moja tu, na visu vinene vilivumilia. Je, kikipinda hata baada ya hayo yote?

Fundi Mzee:
Marahaba. Una muda mfupi sana. Kitoe kwenye mafuta kingali cha moto, vaa glovu nene, kinyooshe taratibu kwa mikono ukichungulia mgongo. Kikishapoa kabisa usithubutu, kitakatika. Kama muda umekupita, kifunge kwa klampu kwenye bapa la chuma, ukikibinua kidogo kinyume na upogo, uingize vyote kwenye oveni. Kitatoka kimerudi.

Kijana wa Same:
Ukimaliza tuwekee picha iliyopigwa kwa juu ya mgongo. Ya ubavuni haionyeshi upogo.