Desemba kutoka Castlegar: YCG, Trail, Kelowna au Spokane?

Mgeni_Selkirk: Habari wadau. Mtu anatoka Castlegar, British Columbia, kwenda Nairobi katikati ya Desemba. Apandie hapo hapo YCG, uwanja wa ndege wa Castlegar, au aende kwingine? Ana mabegi mawili makubwa.

Baharia wa Kootenay: Kinachosumbua YCG msimu wa baridi ni mawingu kuliko theluji. Uwanja uko bondeni, milima imeuzunguka, kwa hiyo rubani lazima auone akiwa bado juu sana, asipouona anageuza. Wingu likishafunika bonde kama kawa, linaweza kukaa siku mbili tatu. Ndiyo maana wenyeji wanapaita "Cancelgar", yaani "cancel" (kufuta safari) na Castlegar. Akipandia hapo, achukue tiketi moja hadi Nairobi. Kipande cha kwanza, cha kwenda Vancouver, kikifutwa, shirika linapaswa kumtafutia safari nyingine; likishindwa kumpatia ya ndani ya saa 48, anaweza kudai nauli yake. Fidia hapati, kwa sababu hali ya hewa haihesabiwi kosa la shirika. Akikata tiketi mbili tofauti, ya pili inampotea.

Mama Zuhura: Uwanja wa Trail, mji wa jirani, msiufikirie sana. Ni bonde lile lile la mto Columbia, na njia ya kurukia ni fupi zaidi. Tena shirika linalotoka hapo, Pacific Coastal, linashukia South Terminal kule Vancouver, jengo la peke yake. Unabeba mabegi, unapanda basi hadi jengo kuu, unakaguliwa upya.

dereva_33: Aende uwanja wa Kelowna kwa gari. Kama kilomita 300, saa nne barabara ikiwa safi: barabara namba 3 kupitia mlima wa Paulson (mita 1,535), Grand Forks, Rock Creek, halafu namba 33. Tairi za baridi ni sheria kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, meno yasipungue milimita 3.5. Zenye alama ya M+S (matope na theluji) zinaruhusiwa, ila kwa Paulson tafuta zenye mchoro wa mlima na theluji. Tazama kamera za DriveBC, tovuti ya hali ya barabara, kabla ya kuwasha gari, na alale Kelowna usiku mmoja.

Mgeni_Selkirk: Na Spokane, kule Marekani?

Baharia wa Kootenay: Ni karibu kuliko Kelowna, lakini asiye raia wa Kanada mara nyingi hutakiwa visa ya Marekani, na vituo vidogo vya mpakani havifunguliwi saa 24. Kama anatakiwa visa na hana, aisahau.

Mama Zuhura: Mimi bado naitetea YCG, mradi aondoke siku mbili mapema na ndege ya asubuhi. Ikifutwa, anabaki na mchana wa kuendesha hadi Kelowna. Ila apige simu kwanza, shirika libadilishe aanzie Kelowna. Akiacha kupanda kipande cha kwanza kimyakimya, vyote vinavyofuata vinafutwa.

dereva_33: Hapo umenena, mama. Na simu apige kabla gari halijafika Paulson, maana kule juu mtandao hukatika.