Umewahi kuvimba kwa ajili ya jino? Ilianzaje na ulitibiwaje? Tupeane uzoefu

mama_tegeta
Wadau habari za saa hizi. Naomba kila aliyewahi kuvimba shavu au taya kwa sababu ya jino, au amemuuguza mtu, aje aeleze ilianzaje, dalili gani mliona, mlienda wapi na mkafanyiwa nini. Huku mtaani jino linachukuliwa ni ugonjwa wa kuvumilia tu, mtu anameza diklofenaki anaendelea na shughuli zake, kumbe usaha wa jino ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa na mtu anakufa.

Naanza na la shemeji yangu. Ni fundi rangi, alikua na gego la chini limetoboka siku nyingi. Kipindi cha mvua liliuma sanaaa, likifika usiku ndo balaa, halafu ghafla likanyamaza. Yeye akafurahi na sisi wote tukafurahi. Kumbe jino likinyamaza lenyewe bila kutibiwa mara nyingi ni kwamba kiini cha ndani kimeshakufa, husikii maumivu tena ila wadudu wanaendelea kushuka kwenye mzizi wanaingia kwenye mfupa. Ikapita miezi, siku hiyo kaamka taya limejaa upande mmoja, kufika jioni uvimbe umeshahamia chini ya kidevu pande zote mbili, mdomo haufunguki, mate yanamchuruzika kwa sababu kumeza hawezi, sauti imekua nzito hata maneno hayaeleweki na homa juu.

Mama mmoja jirani yetu ni nesi, akampapasa chini ya kidevu akakuta pagumu kama ubao, akachungulia mdomoni akaona ulimi umenyanyuliwa juu. Hakutuambia tusubiri asubuhi, alisema tafuteni gari saa hii na muende rufaa, siyo zahanati. Njiani kila tukitaka kumlaza anagoma, anataka akae, maana akilala hewa haipiti. Hospitali hawakumpanga foleni, wakamuwekea antibayotiki za mshipani, wakamuingiza chumba cha upasuaji wakampasua chini ya taya usaha ukatoka, wakaacha vimpira vya kuchuruzishia na lile gego likang'olewa humo humo. Alikaa wodini mpaka vimpira vilipotolewa, sasa hivi yuko kazini.

binti_wa_mwanza
Mama Tegeta poleni sana. Mi langu halikuvimba uso hata kidogo ndo maana naliweka hapa, manake watu wanadhani jipu la jino lazima shavu lijae. Nlikua na kipele kwenye ufizi juu ya jino la mbele, kinajaa, kinapasuka, natema kitu kichungu chenye chumvi chumvi na harufu mbaya, kinapotea, baada ya muda kinarudi pale pale. Duka la dawa walinipa amoksilini na Flagyl, kikanywea, dozi ikiisha nacho kinarudi. Maumivu hamna kabisa, kwa sababu usaha ulikua umeshajitafutia njia ya kutokea.

Nilipopigwa picha ya jino ikaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, yaani mfupa umeshaliwa. Lile jino nlianguka nalo nikiwa shule ya msingi, likabadilika rangi likawa la kijivu, na hakuna mtu nyumbani alijua kwamba lilikufa kwa ajili ya ule mwanguko. Daktari akanielewesha kwanini vidonge havimalizi: ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, sasa dawa itafikaje mle? Inapunguza wadudu wa nje tu, chanzo kinabaki. Akatoboa jino kwa nyuma, akasafisha mzizi na vile visindano vyembamba, akaweka dawa ndani, nikarudi akaziba. Jino ninalo mpaka leo na kipele hakijarudi. Jamani siyo kila jino lenye usaha ni la kung'oa, ulizeni kwanza kama linaokoka. Kusafisha mzizi ni ghali kuliko kung'oa, hilo siwafichi, ila jino la mbele mi niliona lina thamani hiyo.

wa_kisauni
Huku Mombasa utasikia watu wakisema jino la utoto la nini kulihangaikia, litatoka lenyewe. Kijana wangu alikuwa darasa la kwanza, gego la juu la utoto limeoza, usiku akaamka ana homa na alfajiri shavu limepanda mpaka jicho limefumba. Nyanyake ashapasha kitambaa amkande, na mwengine kaja na aspirini ati isagwe iwekwe kwenye ufizi. Mie nikakataa zote mbili, manake aspirini huchoma nyama ya ufizi ikawa nyeupe likaja donda, na tena mtoto hapewi aspirini kabisa. Nikampa parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake tukatoka.

Daktari alipoliona lile jicho alitulaza siku ile ile. Akatiwa dawa za mshipa, jino likang'olewa, kesho yake jicho likaanza kufunguka walhamdulillah. Alinambia usaha wa jino la utoto waweza kuliharibu jino la ukubwani linalojitengeneza pale chini yake, likaja kutoka na mabaka. Basi enyi wazazi wenzangu, wachungulieni watoto magego ya nyuma, tundu huanza dogo jeusi na mtoto hasemi mpaka limfikie kwenye mshipa wa fahamu.

tabibu_wa_meno
Nimesoma zote. Mimi nipo kitengo cha meno hospitali ya wilaya, niongezee maana maswali ni yale yale kila siku.

Kuna imani kwamba jino lenye uvimbe haliguswi mpaka uvimbe uishe. Hii inaumiza watu kweli kweli, mtu anakaa nyumbani na dozi ya pili na ya tatu akisubiri uvimbe upungue. Usaha unatakiwa utoke, kwa kupasua, kwa kung'oa au kwa kupitia ndani ya jino, na antibayotiki ni ya kusaidia pale maambukizi yanaposambaa au mtu ana homa. Kinachotusumbua ni ganzi, penye usaha pana asidi nyingi na ganzi haishiki vizuri, kwa hiyo tunachoma mbali kidogo kwenye mshipa wa fahamu unaoleta hisia pale. Wakati mwingine mdomo haufunguki kabisa, hapo kweli tunaanza na dawa au tunampa rufaa akafanyiwe kwa dawa ya usingizi.

Ya pili ni ile ya jino la juu, eti ukiling'oa unapofuka. Siyo kweli. Kinachoweza kufika jichoni ni usaha wa jino ulioachwa.

Hali aliyoeleza mama_tegeta ilielezwa kitaalamu na daktari Mjerumani, Ludwig, mwaka 1836, na kabla ya antibayotiki zaidi ya nusu ya waliopata walikua wanakufa. Huanzia mara nyingi kwenye magego ya chini ya nyuma kabisa, mizizi yake ipo jirani na nafasi zinazoungana na shingo. Kwa hiyo jino linauma ukitafuna, unahisi limeinuka kuliko mengine, ufizi umejaa, hapo njoo leo au kesho asubuhi. Ila uvimbe ukishuka chini ya taya, au jicho linafumba, kumeza shida, mdomo haufunguki, pumzi inabana, hapo hata iwe saa nane usiku ni kuondoka.

Wenye kisukari msisubiri hata kidogo, kwenu usaha unasambaa haraka na sukari nayo inapanda. Na anayepewa Flagyl asiguse pombe.

mama_k_mbeya
Asante tabibu umenigusa. Mi nlikua na mimba ya miezi mitano jino likavimba, kila mtu ananiambia vumilia mpaka ujifungue, ganzi itamdhuru mtoto. Mkunga wa kliniki ndo akanishika mkono akanipeleka mwenyewe kitengo cha meno, akasema homa na usaha vinamdhuru mtoto kuliko ganzi. Nikang'olewa, nikapewa amoksilini na parasetamoli, wakanikataza ibuprofeni na doksisaiklini. Mtoto kazaliwa salama. Wamama wajawazito muende, mseme tu umri wa mimba mapema.

dogo_kahama
Samahani naulizia, mi hapa tangu juzi gego la mwisho la chini linatoka, nyama imevimba juu yake, leo mdomo unafunguka kidogo tu na kumeza mate kunauma mpaka sikioni. Nimesukutua maji ya chumvi. Kwa saa hizi si zahanati tu ndo iko wazi?

tabibu_wa_meno
Dogo nenda hospitali yenye huduma ya dharura sasa hivi, zahanati wataishia kukupa vidonge. Daktari wa meno anaweza asiwepo usiku ila wa zamu atakuanzishia dawa na kumuita au kukupa rufaa. Pale mapokezi anza na hilo la kumeza na mdomo kutofunguka, usianze na "jino linauma", utawekwa foleni. Usile kitu kuanzia sasa, huenda ukahitaji dawa ya usingizi. Kama una mzio wa penisilini au kisukari waambie kabla hawajakuchoma chochote. Na usiende peke yako.

dogo_kahama
Sawa dokta, mzio sina. Naenda na kaka, boda tumeshaita.