Upendo usio na masharti maana yake nimpe tena mtaji aliyenikimbia na hela?

Binti wa Kibirizi
Bwana asifiwe wapendwa, naombeni mnisaidie maana hili linaninyima usingizi. Mi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, boti zikiingia asubuhi nanunua nakausha nasafirisha. Mwaka juzi nilikuwa nauguza mtoto nikamkabidhi mdogo wangu wa mwisho milioni moja na laki mbili akachukue mzigo, akapotea nazo, simu kazima, baadae tukasikia yuko Mpanda. Miezi 19 kimya. Wiki iliyopita karudi usiku kakonda, mkononi ana mfuko wa rambo tu, mama hakumuuliza hata swali moja, aliinjika maji ya kuoga kwanza, akamtengea ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, akakaa anamwangalia anavyokula. Mi nilisimama mlangoni nikashindwa hata kusema karibu.

Sasa Jumapili mchungaji kahubiri agape, upendo usio na masharti, na tangu siku hiyo mama ananiambia mwanangu mpe mwenzio mtaji aanze upya, mbona Mungu anatupenda bila masharti. Nampenda mdogo wangu, nililia sana alipopotea. Ila nikimpa hela naona najidanganya, nisipompa naona imani yangu ni ya mdomoni tu. Huu upendo hasa maana yake nini?

Mwanakwaya
Pole sana dada. Msamehe tu saba mara sabini, na mtaji mpe, Mungu atakurudishia.

Fundi Kasulu
Mi naona tofauti kidogo. Hayo maneno "bila masharti" kwenye Biblia huyakuti. Yohana 15:10 Yesu anasema mkizishika amri zangu mtakaa katika pendo langu, sasa hilo si sharti? Tunahubiriwa upendo kama vile Mungu hajali tunavyoishi.

Mzee wa Cheyo, Tabora
Fundi umesoma vizuri ila anza mstari wa juu yake, wa 9, kama Baba alivyonipenda mimi nami nilivyowapenda ninyi, kaeni katika pendo langu. Kupendwa kumeshatangulia, amri zinakuja kwenye kukaa. Mtoto hazaliwi kwa sababu katii, anatii kwa sababu ana kwao.

Na hilo neno agape tusilibebeshe mzigo wote. Ni neno la Kigiriki la kupenda, Yohana 3:19 inaposema watu walipenda giza kuliko nuru kitenzi ni hicho hicho, na Paulo anapolalamika kuwa mwenzake Dema kamwacha kwa kuupenda ulimwengu huu ni hicho hicho. Ukubwa wa upendo wa Mungu uko kwenye alichofanya, Warumi 5:8, Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi. Hakusubiri tunyooke kwanza.

Sasa binti yangu rudi Luka 15, ile ya mwana mpotevu aliyechukua fungu lake la mali akaenda kulitapanya, uisome taratibu, maana mama yako kaiishi bila kufungua kitabu. Yule kijana njiani akirudi kwa baba yake alipanga maneno, atasema nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika yale ya mwisho hakuyasema, baba kashaita joho, pete, viatu, ndama. Huko ndiko kusiko na masharti, kurudishwa kuwa mwana kabla hata hajamaliza kuomba. Lakini angalia na mstari wa 31, baba anamwambia mkubwa vyote nilivyo navyo ni vyako. Mali ilishagawanywa mwanzoni, fungu la mdogo lilikwisha huko alikolitapanya, na hatusomi popote kuwa baba alichukua la mkubwa akampa. Alimpa nyumba. Kwa hiyo mtaji si kipimo cha upendo wako.

Ila nikuambie na hili kwa upole, umesema ulisimama mlangoni. Kaka mkubwa naye alibaki nje, na baba alitoka kumfuata yeye pia, akamsihi. Mara mbili mzee yule katoka siku moja, kila mtoto na safari yake. Nawe unapendwa hivyo hivyo na hasira yako.

Mama Vicoba
Mzee Mungu akubariki. Dada, kwenye kikoba chetu asiyerudisha mkopo hatumpi mwingine mpaka amalize, lakini akifiwa tunakwenda kuosha vyombo na kulala naye matanga, na hakuna anayemtaja hilo deni pale msibani. Mi hapo ndipo nilipoelewa.

Fundi Kasulu
Nimeusoma mstari wa 9. Nimekuelewa mzee, asante.

Binti wa Kibirizi
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nimelia, hapo pa baba kutoka mara mbili sikuwahi kupaona na nimesoma hiyo sura tangu Sunday school. Mama nimemwambia hela sitoi kwa sasa, kanyamaza, sijui kama karidhika. Leo alfajiri nimemgongea mdogo wangu nikamwambia amka twende ziwani. Hela nilishika mimi, yeye kabeba ndoo kapanga dagaa kwenye chanja, akawa anageuza kimya kimya. Saa nne nikanunua chai na chapati mbili, nikampa moja, nikamwambia karibu nyumbani. Lile neno nilikuwa sijamwambia bado.