Mjadala: Oman iendelee kupanda nyasi za gofu jangwani?

Jamani, natanguliza msimamo wangu ili mnipinge vizuri: Oman isiruhusu kiwanja kipya cha gofu cha nyasi mpaka mwenye mradi aonyeshe maji atayatoa wapi na nani atayakosa. Vilivyopo sina ugomvi navyo.

Mgeni akiuliza wapi pa kucheza Muscat huelekezwa kiwanja cha Al Mouj, na ni haki yake. Kimesanifiwa na Greg Norman, bingwa wa gofu kutoka Australia, kimefunguliwa mwaka 2012, na baadhi ya mashimo yake yamekaa ufukweni kabisa. Mashindano ya Oman Open yalichezwa hapo 2018 hadi 2020. Lakini nyasi hizi ni za juzi. Kabla yake watu walicheza mchangani, wengi wao wafanyakazi wa mafuta. Penye shimo palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ukashindiliwa. Mchezaji alitembea na kipande cha zulia la nyasi bandia, akakitandika chini ya mpira kila anapotaka kupiga, na akimaliza shimo anaburuta ufagio mpana kufuta nyayo ili anayefuata akute pamesawazishwa. Mchezo ulikuwapo, nyasi za kumwagilia hazikuwapo.

Sasa tupige hesabu. Chukua hekta 40 za nyasi. Siku ya joto kali zikihitaji milimita 8 za maji, hizo ni lita milioni 3.2 kwa siku moja, katika mji unaopata mvua ya kama milimita 100 kwa mwaka mzima.

Wazee wa Oman walishalijibu suala la nani aanze kupata maji. Kwenye falaj, mfereji unaoleta maji kijijini, kunywa ndiko kwa kwanza, kisha msikiti na mahali pa kuogea, halafu mitende, na mwisho mazao ya msimu. Zamu hupimwa kwa athar, takriban nusu saa, na kila mtu anajua yake. UNESCO iliingiza aflaj (wingi wa falaj) tano kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tunajivunia utaratibu huo mbele ya wageni, kisha kwenye gofu tunausahau.

Nendeni Batinah, ukanda wa mashamba wa pwani magharibi ya Muscat, mkaone. Visima vimevutwa kupita kiasi, maji ya bahari yameingia chini ya ardhi. Mindimu hutangulia kufa, mtende huvumilia kidogo, halafu nao makuti yanakauka kuanzia ncha.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Bwana, unachanganya mambo. Mimi kazi yangu ni nyasi. Viwanja hivi havinyweshwi maji ya kunywa, vinatumia maji taka yaliyosafishwa, na paspalum ni nyasi inayostahimili chumvi. Maji hayo bila matumizi yangemwagwa tu. Halafu nchi inataka kujitoa kwenye utegemezi wa mafuta. Mcheza gofu mmoja analala hoteli, anakodi gari, anakula nje. Vijana wetu wanapata kazi. Mchangani nani atapanda ndege kuja?

*Mtoa mada:*
Ahsante ndugu yangu, hapo kwenye maji taka umenena kweli, na ndiyo maana vilivyopo sivigusi. Ila maji taka nayo chanzo chake ni bomba la nyumbani, na la nyumbani Muscat kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa umeme na gesi. Mwaka 2008 na 2009 mwani mwekundu, vijimea vidogo vinavyogeuza rangi ya maji, ulipoenea baharini, mitambo ya kutoa chumvi ya pwani hii ilitatizika. Kwa hiyo usiyaite maji ya bure. Na mtende nao unaweza kunyweshwa maji yaliyosafishwa. Ukisema yangemwagwa, mimi nauliza kwa nini bomba lifike kwenye kiwanja cha mashimo 18 kabla ya kufika kwa mkulima wa Barka, huko Batinah.

Kuhusu mchangani, wapo wanaosafiri mbali kuona jangwa lenyewe. Kiwanja kimoja cha kahawia, yaani cha mchanga kama vile vya zamani, kikitunzwa vizuri, na historia yake ikaelezwa, nina hakika kitapata watu.

Ninachodai ni kidogo: kila kiwanja kitangaze kila mwezi kimetumia maji kiasi gani na ya aina gani. Anayepinga hilo, aniambie sababu yake.