Gumzo la Kikundi cha Ukoo: Muembe wa Uani

Da Zuhura: Assalam alaikum nyote. Muembe wa uani, waya umeshazama ndani ya gome pande zote na juu yake shina limevimba. Jumamosi tunauunganisha kwa madaraja, yaani vijiti hai vinavyovuka jeraha, ncha moja chini yake na nyingine juu yake. Nahitaji watu 4, vijiti 10, kisu kikali, nta na misumari midogo myembamba. Nani yupo?

Da Zuhura: Mmesoma watu 17 na hakuna hata mmoja aliyejibu.

Hamadi: Mti wenyewe umestawi majani kijani kibichi. Mgonjwa gani huyo mwenye afya kunishinda 😂

Da Zuhura: Majani ni kijani kwa sababu zilemu, njia ya maji, iko ndani, kwenye mbao, na waya haujafika huko. Maji yanapanda kama kawaida. Iliyobanwa ni floemu, njia ya sukari, iko nje, chini kidogo tu ya gome. Sukari ikishuka kutoka majanini inakwama pale, ndiyo ule uvimbe. Chini mizizi inakula akiba yake ya wanga. Akiba ikiisha mizizi inakufa. Ukiona majani yananyauka, ujue tumeshachelewa.

Mama Nuru: Na aliyefunga waya tunamjua sote.

Bakari: Haya, tumeanza. Waya ni mmoja, upande huu muembe, upande ule mnazi. Mbona mnazi mzima?

Tatu: Kaka Bakari, mnazi hauna kambiamu, lile tabaka jembamba la seli linalonenepesha shina. Kwenye muembe zilemu na floemu zimepangwa kwa duara, kambiamu iko kati ya hizo mbili. Hiyo inaongeza mbao kwa ndani na floemu mpya kwa nje, shina linanenepa, waya haunenepi. Muembe umejinyonga wenyewe. Shina la mnazi halinenepi hivyo, na vifungu vyake vya mishipa vimetawanyika shina zima, vingi zaidi karibu na nje, kila kifungu kina zilemu yake na floemu yake. Ukikata vichache vya nje, vilivyobaki vinaendelea na kazi.

Bakari: Kwa hiyo kosa ni la muembe.

Mama Nuru: 🙄

Tatu: [picha] Hili ni shina la mhindi, limepangwa vilevile kama mnazi. Nimelikata kwa wembe mpya. Kifungu kimoja kinafanana na uso: mishipa miwili mikubwa ya zilemu ndiyo macho, lile tundu upande wa ndani ni mdomo, floemu ni paji la uso na siku zote inatazama nje.

Hamadi: Huyo ni Bakari akidaiwa 😂😂

Salim: 😂😂😂

Bi Asha: Jamani mbavu zangu

Da Zuhura: Salim, kucheka umeweza, kujibu vijiti hujaweza. Sikilizeni. Vijiti viwe vya muembe, vya mwaka mmoja hivi, unene wa penseli, macho yake ya kuchipua yawe bado yamelala. Urefu uzidi jeraha kwa sentimita 5 au zaidi, kijiti kibaki kimepinda kidogo ili upepo ukitikisa mti kisichomoke. Tutaviweka sentimita 5 hadi 8 kutoka kimoja hadi kingine, kuzunguka shina lote.

Hamadi: Kichwa chini miguu juu haijalishi?

Da Zuhura: Inajalisha sana! Upande wa chini wa kijiti ubaki chini. Ukikigeuza kinaweza kushika kwa muda, lakini hakinenepi, mwisho kinakufa. Tieni alama mkikata.

Tatu: Na ncha zote mbili zichongwe mshazari, zipenye chini ya gome hai, kambiamu iguse kambiamu. Ikikosea kwa milimita chache haiungi. Usiguse palipochongwa kwa vidole, wala usiache pakauke. Nta iwe vuguvugu, ikiwa ya moto inaunguza seli zilezile unazozitaka.

Bi Asha: Mnazi wangu ulioliwa na panya shinani nao uwekewe madaraja?

Tatu: Hapana Bi Asha. Hakuna kambiamu ya kuunga. Kidonda hakitaziba, ila kama kilele ni kizima, mnazi utaendelea.

Mama Nuru: Mimi nina muembe wenye vijiti vizuri. Msumeno wangu urudi kwanza.

Bakari: Msumeno ule ulirudishwa!

Mama Nuru: Ulirudishwa mpini.

*Ujumbe huu umefutwa*

Babu Kombo: WAYA UKATWE LEO SI JUMAMOSI. ALIYEUFUNGA NDIYE ATAKAYEUKATA. TAWI LA KIBLA LISIGUSWE.

Bakari: Nimesikia, Babu.

Da Zuhura: Sawa Babu. Bakari, kata vipande vipande kwa koleo. Usiuvute, utabandua gome lililobaki. Ulipozama sana kwenye gome uache humohumo.

Da Zuhura: Ila Babu, vijiti nilipanga kuvitoa tawi la kibla. Mengine yote yametoa majani mekundu machanga, vijiti vyake laini, vitakauka kabla ya kushika.

Da Zuhura: Babu?

Tatu: Ameshazima simu.

Da Zuhura: Mama Nuru, tafadhali.

Mama Nuru: Msumeno.

Hamadi: Kisu ninacho. Mtu wa kukinoa sina.

Salim: Samahani nilikuwa kazini. Vijiti vya nini? Na ni Jumamosi hii au ijayo?