Tupeane uzoefu: Uliyekata pikipiki nyumbani ukitafuta bobber, yalikukuta yapi?

Mwana wa Bwana Afya
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita Gerezani kutafuta kebo ya klachi, nikakuta fremu ya pikipiki ya Honda CG125 imeegeshwa ukutani, mkia umekatwa, imeachwa kama mbuzi aliyechunwa nusu. Nimesimama pale mpaka fundi akaniuliza kama ni yangu. Si yangu, ila nilikumbuka ya kwangu.

Mwaka 2019 mzee alinipa CG yake. Alikuwa bwana afya, ile pikipiki imemzungusha Kisarawe yote, Maneromango, Mzenga, huko kote, sisi tukiwa hatujaanza shule. Mnaoijua mnaijua: injini haina cheni ya taimingi, valvu zinasukumwa na fimbo. Honda waliitoa 1976 wakijua kabisa inakokwenda hakuna wa kuihudumia. Mimi nikaona picha ya bobber mtandaoni: siti moja ya ngozi, tairi nene, nyuma kumenyofolewa. Nikasema hii naifanya mwenyewe hapa uani, Tabata.

Nikaazima grainda kwa jirani. Jumamosi asubuhi, LUKU ina uniti kumi na mbili. Ng'oa madigadi, ng'oa keria, ng'oa siti ndefu. Nikapima kwa chaki, nikaanza kukata nyuma ya zinaposhika shokapu. Cheche zinaruka, watoto wa mtaa wamejaa, najiona fundi. Nimemaliza upande mmoja, umeme ukakatika. Uliporudi usiku jirani akaja kuchukua grainda yake. Fremu ikakaa na pembe moja wiki nzima.

Katika wiki hiyohiyo mzee akaja. Hakupiga simu, alikuwa anatoka msibani Segerea. Nikamwamkia, akaitikia, akaizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma. Hakugomba. Akauliza tu, "Sasa mama yako atakaa wapi?"

Mama hajapanda ile pikipiki tangu 2004. Nilikosa la kusema. Akaomba maji, akanywa, akaenda kituoni kupanda daladala.

Naiendesha mpaka leo. Ila tangu nilipotoa boksi la hewa nikaweka chujio la wazi, ikifika gia ya nne inakohoa, na plagi nikiifungua ni nyeupe kama chaki. Waliopitia karibuni, na anayejua mambo ya jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima mafuta, anisaidie.

kobe_wa_kinondoni
Hilo swali la mzee. Nimeweka simu chini kwanza.

Mama Wawili Mbezi
Wangu aliikata Boxer. Ilikuwa inatupeleka wote wawili kazini, mimi ananishusha Ubungo. Siku moja narudi nakuta siti imebaki kama kigoda cha mbuzi. Nikamuuliza, mimi kesho naning'inia wapi? Akasema, "Mke wangu, huu ni usanii." Msanii sasa hivi anaulizia bei ya siti ndefu Kariakoo. Nimemwambia asihangaike, nimeshazoea mwendokasi.

Spoku Tisa
Tuanze na ukweli, hiyo ya mleta uzi si bobber. Bobber ni pikipiki kubwa za Kimarekani. CG ni ya kubebea mkaa, hata uikate vipi itabaki ya mkaa.

Chuma cha Pwani
@Spoku Tisa usipotoshe watu. Neno lenyewe linatokana na kukata mkia ukawa mfupi. Wamarekani walianza miaka ya 1930, wanapunguza madigadi ya nyuma, wanatoa ya mbele na kila kisichosaidia mwendo ili pikipiki iwe nyepesi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo ikashamiri. Wapi paliandikwa saizi ya injini? Hao walikata pikipiki walizokuwa nazo, na sisi tunakata tulizonazo.

Spoku Tisa
Ulikuwepo?

Chuma cha Pwani
Na wewe ulikuwepo? Unachokijua wewe ni chopper: fremu imekatwa shingoni, foku ndefu kama miguu ya korongo. Bobber fremu yake haihangaishwi sana. Kasome urudi.

Abiria wa Pantoni
Mkimaliza kugombana mtuambie. Mimi niko Kigamboni, nilikwangua rangi ya tanki nikaacha chuma kitupu, nikapiga vanishi juu kwa sababu kwenye picha ilipendeza. Upepo wa bahari haukunipa hata mwezi. Madoa ya kutu yakatambaa chini ya vanishi kama mizizi. Walio karibu na maji, pigeni praima na rangi, chuma kitupu waachieni watu wa Dodoma.

Mtoto wa Mbagala
Nilikuwa nasoma tu, ila mmetaja tanki.

Sijagusa pikipiki kwa mkono wangu tangu 2016. Nilinunua tanki dogo kwenye vyuma chakavu Vingunguti, umbo la tone la maji, zuri kweli, lina matundu mawili ya kutu chini. Nikamwaga vijiko viwili vya petroli iliyooza, nikaliweka juu ya bati, mdomo wazi, likae juani. Wiki tatu. Nikinusa, hakuna kitu. Rafiki yangu ana mashine ya kuchomelea, akaja Jumapili mchana. Jirani yetu siku hiyo ana hitima, ua umejaa watu, pilau iko jikoni.

Jamaa akaweka ethi, akavaa miwani, akagusa mara ya kwanza. Kimya. Akagusa mara ya pili.

Siwezi kuwaeleza ule mlio. Nilisikia kifuani kabla ya masikioni. Tanki likavimba kama mpira, mshono wa chini ukafunguka, likaruka ukuta. Nikajikuta nimekaa chini na sikumbuki kukaa. Jamaa kasimama palepale, hana nyusi, mkono wa kulia ngozi imejikunja kama soksi, ananiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tanki liko wapi?" Alikuwa bado hajasikia maumivu. Upande wa pili wanawake wanapiga kelele, mtu anasema transfoma, mwingine anasema gesi. Tanki lilidondoka hatua tatu kutoka kwenye sufuria ya pilau. Hatua tatu. Kulikuwa na watoto pale wanasubiri ukoko.

Jamaa alilala hospitali siku tisa. Mkono unafanya kazi, ila kidole cha mwisho hakinyooki. Mimi sikio la kushoto mpaka leo linapiga filimbi nikilala. Mjumbe alikuja, tukaandikishana. Mama mwenye hitima aligoma kunirudishia tanki, amelijaza udongo akapanda mchicha. Nikipita naliona.

kobe_wa_kinondoni
Hatua tatu 😳

Mama Wawili Mbezi
Pole sana kaka. Na huyo mwenzako ameshaoa? Naulizia hali yake tu jamani.

Mtoto wa Mbagala
@Mama Wawili Mbezi ameoa, ana mapacha. Ila mashine aliuza.

Shikamoo Grainda
Kosa lenu lilikuwa kuamini pua. Tanki tupu ni baya kuliko lililojaa. Kinacholipuka ni mvuke ukichanganyika na hewa, na petroli iliyoingia kwenye kutu inaendelea kutoa mvuke hata kama hainuki. Osha kwa maji ya moto na sabuni, rudia na rudia, halafu lijaze maji mpaka karibu na pale panapochomwa.

Dula Cheni
Maji ya nini? Sisi tulikuwa tunachukua mpira, tunaunganisha na ekzosi ya gari, moshi unaingia kwenye tanki dakika kumi, unachoma bila shida.

Shikamoo Grainda
@Dula Cheni moshi wa injini isiyo sawa unatoka na mafuta ambayo hayajaungua. Ulibahatika. Usimfundishe mtu bahati.

Dula Cheni
Miaka kumi na mbili ya bahati basi.

Abiria wa Pantoni
Mimi nasema mpelekee fundi anayeziba matanki kila siku, wewe ukanywe soda mbali.

Mwana wa Bwana Afya
Wakuu, jeti yangu jamani.

figo_moja_tmk
Tanki limekula uzi, pole mkuu. Mimi yangu fupi: nilitoa shokapu za nyuma nikachomea nondo ili ikae chini kama kwenye picha. Rasta za kwanza za Kilwa Road nikajua kwa nini watu waligundua shokapu. Siti nayo nilikuwa nimeweka springi za baiskeli ya Phoenix, zile zinamtosha mwalimu mwembamba, mimi nina kilo 96. Mwezi wa pili nondo ikapata ufa palepale kwenye mshono. Niliona kwa sababu rangi ilianza kuchanika, vinginevyo ningeliona tuta la mwisho.

Spoku Tisa
Hapo nakubaliana. Fremu si geti la nyumba, si kila anayechomelea madirisha anaiweza.

Chuma cha Pwani
Leo umesema jambo.

Shikamoo Grainda
@Mwana wa Bwana Afya plagi nyeupe maana yake hewa nyingi, mafuta machache. Lile boksi lilikuwa linabana hewa kwa hesabu, na kabureta yako bado inapiga hesabu ya zamani. Panda jeti kuu kwa namba moja zaidi, endesha, zima ukiwa kwenye gia ya nne, fungua plagi uitazame. Bado nyeupe, panda tena. Ukifika rangi ya biskuti simama hapo. Ikiwa nyeusi umezidisha. Usiiendeshe sana ilivyo sasa, pistoni inapata joto.

Dula Cheni
Au vesha chujio soksi.

Shikamoo Grainda
Mkuu Dula, nakuomba.

mdau_wa_kadi
Ambalo hamjaligusa: namba ya chesesi imegongwa shingoni. Ukipitisha grainda hapo au ukiifunika na puti, kadi yako imebaki karatasi, trafiki akiitafuta hamtaelewana. Indiketa na taa ya breki pia msitupe kwa ajili ya urembo. Na mkichomelea chochote kwenye fremu, chomoeni betri na CDI, kile kisanduku kinachoipa plagi cheche, kwanza. Mimi niliunguza zote mbili siku moja.

kobe_wa_kinondoni
Na madigadi ya mbele je? Mimi nilitoa, masika ikanikuta Jangwani. Nilifika kazini mlinzi hanijui.

Mwana wa Bwana Afya
Asante @Shikamoo Grainda, kesho naenda Kariakoo kutafuta jeti.

Dula Cheni
Mleta uzi, ile keria ya CG uliyong'oa bado unayo? Kuna mzee huku Chanika anaitafuta, ya kubebea madumu ya maziwa.

Mwana wa Bwana Afya
Ipo. Haiuzwi.

Dula Cheni
Basi nitumie picha na vipimo, nimpelekee fundi aige.