Kwa nini mwili wa kiwavi haumshindi nyigu?

Mkulima, Masindi
Salamu, ndugu zangu. Juzi nilipasua bua la mhindi lililonyauka moyo, nikamkuta ndani yake kiwavi ambaye bado alikuwa akisogeza kichwa, na ubavuni mwake vifukofuko vyeupe vilivyobanana kama punje za mchele mdogo. Nimeelezwa kwamba ni vya nyigu waliokulia tumboni mwake. Je, kiwavi hana kinga yoyote? Sisi mwiba ukituingia, mahali pale hutunga usaha; yeye huwezaje kubeba mabuu mengi hivyo bila mwili wake kupambana nayo?

Mwalimu wa biolojia, Jinja
Ndugu Mkulima, kinga anayo, tena kali. Damu yake haina kingamwili (zile protini za kunasa vijidudu) kama zetu, lakini ina seli zinazozunguka na kukagua kila kitu kigeni. Bakteria humezwa na seli moja tu. Yai la nyigu ni kubwa mno kumezwa, kwa hiyo seli nyingi hujibandika juu yake tabaka kwa tabaka, kama watoto wanavyosokota mpira wa majani makavu ya mgomba, kisha vimeng'enya vya damu hutengeneza melanini, ile rangi nyeusi, na yai hufia humo. Ukimchoma kiwavi kwa sindano, utaona kidonda kikigeuka cheusi: ni kinga hiyohiyo.

Nyigu wa jenasi ya Cotesia, hata hivyo, hadungi mayai peke yake. Katika ovari zake hutengenezwa virusi ambavyo jeni zake zimo ndani ya kromosomu za nyigu mwenyewe, urithi wa takriban miaka milioni 100. Virusi hivyo havizaliani ndani ya kiwavi. Huziingia seli za kinga na kuzifanya zishindwe kujishikiza kwenye yai. Nimefundisha miaka mingi, na bado jambo hili hunistaajabisha kuliko mengine yote ya wadudu.

Afisa ugani mstaafu, Mbale
Mwalimu amesema kweli, ila ushindi huo hutegemea nani amekutana na nani. Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993, humweza kiwavi aitwaye Chilo partellus, lakini mayai yake yakiingia kwa kiwavi mwingine, Busseola fusca, hufunikwa na kufa. Hata Cotesia sesamiae, ambaye ni wa Afrika hii hii, wa pwani hushindwa na Busseola, ilhali wa Kitale, ng'ambo ya Mlima Elgon kutoka kwetu, humshinda. Bua lako usilichome moto, ndugu. Liache shambani mpaka nyigu watoke.

Mkulima, Masindi
Asanteni sana, wakubwa. Nililirudisha jioni ileile, nikalifunga kwa ukambaa wa mgomba. Leo asubuhi vifukofuko vitatu vimekwisha kutoboka.